Hatutaki Kumsumbua Mtu

Mtu akitaka kumjua Ardis Tollefsrud, amtazame anavyokataa kahawa. Ukimkaribisha mara ya kwanza atasema hapana, usijisumbue. Ukimkaribisha mara ya pili atasema, aa, labda kama imebaki kidogo tu. Mara ya tatu atavuta kiti, atakunywa vikombe viwili na kula keki juu yake. Usidhani ni unafiki. Ndivyo walivyolelewa watu wa Skogdal, mji mdogo wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko magharibi mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, na ndivyo walivyolelewa mama zao. Kukubali mara ya kwanza ni ulafi. Kukubali mara ya pili ni papara. Mara ya tatu ndiyo adabu. Mwenye nyumba naye ana wajibu wake, maana asiyekaribisha mara tatu huyo hakutaka kukaribisha. Sheria hii haijaandikwa popote, lakini kila mmoja anaijua kama anavyojua njia ya chooni kwake gizani.

Basi mwaka ule, mwezi wa Mei, Ardis alikuwa anapanga safari. Safari yenyewe haikuwa ya kumtia mtu tumbo joto: kwenda Milwaukee na mumewe Verlyn, kulala hotelini Ijumaa na Jumamosi, kuona ziwa, kuona jumba la sanaa lenye mabawa makubwa meupe yanayofunguka na kujifunga, kula samaki wa Ijumaa, kula ile aiskrimu nzito ya mayai ambayo watu wa mji ule wanaisifu utadhani wao ndio waliomfuga kuku wa kwanza duniani. Meza ya jikoni ilijaa vijitabu vya watalii alivyoazima maktaba. Anapanga, anapangua, anapanga tena. Aliyemwuliza alijibiwa kwa uso mkavu, "Tunakwenda kutembea tu. Miaka yote tunaishi jimbo moja na ziwa lile na hatujawahi hata kuchovya mguu."

Uongo mtupu. Ziwa halikumhusu ndewe wala sikio. Mwanawe wa pekee, Karla, alikuwa anakaa Milwaukee na mumewe Nenad na binti yao Milena, aliyezaliwa mwezi wa Novemba, na ambaye bibi yake hajamshika hata siku moja. Kumwona amemwona, kwenye kioo cha simu, kichwa nusu na sikio moja. Na mwisho wa mwezi ule wote watatu walikuwa wanahamia Oregon, upande wa pili wa nchi, kwa kuwa Nenad amepata kazi huko. Ardis alitaka jambo moja tu chini ya jua: aingie nyumba ya mwanawe, ambebe mjukuu wake kabla hawajaondoka. Ila alitaka akaribishwe kwanza. Na alitaka akaribishwe ipasavyo.

Ugomvi haukuwapo. Laiti ungekuwapo, kwa sababu ugomvi una wasuluhishi. Kilichokuwapo ni adabu. Novemba, siku chache baada ya kujifungua, Karla alipiga simu akasema, "Mama, njooni mkae nasi wiki moja." Ardis, moyo ukimdunda kwa furaha, akajibu kama alivyojibu mama yake na bibi yake: "Aa, mwanangu, mna mengi, hatutaki kumsumbua mtu." Akangoja. Upande wa pili Karla akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mama." Simu ikaisha. Ardis alibaki ameshika simu ile kama mtu aliyenyoosha mkono kupokea sahani, na sahani ikapita.

Alijiambia atakaribishwa tena Krismasi. Krismasi Karla akasema, "Sisi tutakuwepo tu nyumbani." Sasa huo ni mwaliko? Ardis aliugeuza usemi ule siku nzima, akaupima huku na huku, akaamua kwamba si mwaliko. Akatuma kadi na kofia ya kufuma. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, mtoto akaota meno. Kisha ikaja habari ya Oregon.

Siku moja asubuhi jirani yake Bev Nygaard alipita na sinia la keki za mraba, zile za siagi ya karanga na chokoleti juu. Bev ni mjane, mnene, ana masikio ya sungura na moyo mzuri.

"Siingii, mwenzangu," alisema huku anaingia. "Nimekuja kuacha hiki tu."

"Kahawa ipo."

"Hapana, nimekunywa."

"Ni ya sasa hivi, Bev."

"Aa, usimimine kwa ajili yangu."

"Nitaimwaga basi?"

"Haya, nusu kikombe."

Alikunywa viwili. Kila kitu kilikwenda sawasawa, na Ardis alipata kile kijiraha kidogo anachopata mtu wa Skogdal mambo yanapokwenda sawasawa. Bev akavuta vijitabu, akavipitisha mbali na macho, maana miwani aliiacha kwake.

"Mbona kila mnapokwenda kula ni mtaa wa Bay View? Samaki Bay View, aiskrimu Bay View, kifungua kinywa Bay View. Mji mzima ule hauna sahani nyingine?"

"Wanasifia samaki wa huko."

"Si ndiko anakokaa Karla?"

"Eti? Labda ni huko huko."

Bev akapuliza kahawa yake. "Mtafikia kwake?"

"Hapana, tumechukua hoteli. Ana mtoto, ana maboksi, anahama. Hatutaki kumsumbua mtu."

"Umefanya vizuri," alisema Bev. "Wazee wengine wanamiminika tu kwa watoto wao kama mafuriko." Sifa ile ilimchoma Ardis kuliko tusi. Kisha Bev akashusha sauti. "Lakini yeye alisema mfikie kwake?"

"Alisema. Novemba."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Kikombe cha Bev kilisimama njiani. "Aa," akasema, na katika mji ule hiyo "aa" peke yake ni mkono wa rambirambi. Kwenye sahani kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha keki, ambacho hakuna Mkristo wa Skogdal anayethubutu kukimaliza. Bev akakikata nusu, akala nusu. Ardis akakata nusu ya nusu. Walipoagana mlangoni, wakaagana tena barazani, wakaagana mara ya mwisho dirishani kwa gari, na kile kipande kilikuwa bado kipo, kama ukucha.

Verlyn hakuwa mtu wa maneno. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha jibini, mahali penye kelele za mitambo, na alitoka huko na masikio mabovu na tabia ya kutosema kitu ambacho kinaweza kungoja. Alichopenda ni barabara. Mwambie unakwenda popote, atakwambia upite wapi, ukwepe wapi, na daraja gani linatengenezwa. Jioni ile, wakila viazi na nyama ya kusaga iliyookwa na jibini juu, alisema bila kuinua kichwa:

"Mpigie mtoto."

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Kwamba tunakuja."

"Ataona nampa kazi. Ataona najialika."

"Si unajialika?"

"Verlyn!"

"Mimi nauliza tu."

"Sasa mbona wewe humpigii? Si mwanao pia?"

Verlyn akachota viazi. "Mimi nikipiga tutazungumza habari za barabara tu," akasema, na hilo lilikuwa kweli.

Ardis alipiga Jumapili baada ya kanisa, saa ambayo aliamini mtoto amelala. Alikuwa amejipanga maneno tangu kwenye mahubiri, na mchungaji alipoteza kondoo mmoja siku hiyo. Alitaka aonekane kama mtu anayetaja jambo dogo kwa bahati.

"Karla, mwanangu. Hatukusumbui?"

"Hapana, mama. Nafunga sahani."

"Basi sikukawizi. Nilitaka tu kukwambia, mimi na baba yako tutakuwa huko Milwaukee Ijumaa hii. Tunakuja kutembea. Kuona jumba lile lenye mabawa, na kula kula."

"Milwaukee? Mnakuja hapa?"

"Kutembea tu. Tumeshachukua hoteli, wala usiwe na wasiwasi."

"Mmeshachukua hoteli," alisema Karla. Hakuuliza. Alirudia tu, polepole. Kisha akasema, "Njooni mle hapa Jumamosi."

Haya sasa! Ndiyo hiyo! Ardis aliisikia ikija, akaona chumba asichokijua, meza, kiti cha mtoto, na kinywa chake, kinywa kile kile kilichofunzwa tangu hakijaota meno, kikajifungulia chenyewe:

"Aa, mwanangu, na maboksi yote hayo? Usijisumbue. Sisi tutakula huko huko nje."

Akangoja. Alishika ukingo wa meza. Mashine ya friji iliunguruma, ikazima. Akasikia upande wa pili mkanda wa gundi ukivutwa na kukatwa.

"Haya, mama," alisema Karla. "Kama ndivyo mnavyotaka. Hebu nipe baba."

Verlyn alichukua simu akazungumza habari za barabara. Barabara kuu ya tisini na nne imechimbuliwa karibu na Madison, bora kupita kusini. Ndiyo. Hapana. Upepo ni mkali huko? Hapa pia. Haya, mwanangu. Akakata. Alipogeuka alimkuta mkewe ameketi, mikono mapajani, amevaa bado koti la kanisani.

"Mara ngapi?" aliuliza Verlyn.

"Mara moja."

Verlyn akavuta kiti kingine akaketi naye. Walikaa hivyo kama watu waliotoka kuambiwa habari za daktari. Nami nikwambie, katika mji mwingine wowote mtu angeinua simu akapiga tena, akasema, nimekosea, nakuja, weka sahani mbili. Ni neno la dakika moja. Lakini mficha uchi hazai, na Skogdal nzima ni watu wa kuficha uchi. Ardis hakupiga. Alivuta vijitabu vyake akaanza kupanga Jumamosi upya, kifungua kinywa wapi, mchana wapi, na machozi yakiangukia picha ya ziwa.

Ijumaa walifika salama, kwa njia ya kusini. Hoteli ilikuwa na mito mingi kupita vichwa. Jioni walikwenda Bay View kula samaki, katika baa ya zamani yenye taa nyekundu, na ikabidi wangoje meza wamesimama kaunta, kama desturi ya Ijumaa ilivyo. Walikula samaki wa kukaanga na chapati za viazi na mkate mweusi na saladi ya kabichi. Walizungukwa na jamaa za watu, mabibi, wajukuu, watoto wakipigania limau. Kila mlango ulipofunguliwa Ardis aliinua kichwa.

"Samaki wako anapoa," alisema Verlyn.

"Nakula."

"Unamla mlango."

"Huenda wakaja tu. Nao ni watu, si wanakula?"

"Wanafunga sahani, Ardis."

Hakuja mtu. Samaki alikuwa mzuri, na Ardis alimwambia mhudumu hivyo mara mbili, maana kumwambia mhudumu ukweli wowote mwingine kusingewezekana.

Jumamosi walikwenda jumba la mabawa. Vijitabu vyote vilisema usikose saa sita mchana, mabawa yanapojikunja na kufunguka juu ya ziwa, watu wanasimama nje vichwa juu kama kuku wanaokunywa maji. Walifika mapema. Upepo ulitoka ziwani ukiwapiga makofi. Saa sita ikafika, mabawa hayakufanya kitu. Yalikuwa yamefungwa kama mwavuli. Msichana mwenye sare aliwaeleza kwa upole kwamba upepo ukizidi kiasi, mtambo unayafunga wenyewe, ni kwa usalama, na pole sana.

"Aa, haidhuru," alisema Ardis. "Wala hatukuja kwa ajili hiyo."

Alipojisikia akisema maneno yale, jambo fulani ndani yake likakatika. Alitembea hadi kwenye ukuta wa ziwa akasimama. Amesafiri nusu jimbo, amekula samaki asiyemtaka, amelala kwenye mito isiyo yake, na sasa anamwambia mtoto wa watu kwamba hakuja kwa ajili ya mabawa, na kumbe kwa mara ya kwanza alikuwa amesema kweli juu ya safari ile. Hasira ilimpanda. Hakuwa na hasira na Karla. Alikuwa na hasira na kinywa chake.

Verlyn alimfuata, ameshika kofia isipeperuke. "Sasa wapi?" aliuliza. "Ratiba inasema soko la vyakula."

"Twende popote."

Waliingia garini. Soko lilikuwa karibu hapo, mwendo wa kugeuka kulia na kugeuka tena. Verlyn hakugeuka kulia. Alishika barabara pana, akawapisha wote waliotaka kupita, akawapungia mkono, akapanda lile daraja refu lenye upinde linalopita juu ya bandari. Chini yao maji yalikuwa ya kijivu na meupe.

"Verlyn, soko liko nyuma."

"Eh."

"Umepitiliza."

"Nimepotea," alisema Verlyn.

Ardis alimgeukia. Mtu huyu alimwoa akiwa na miaka ishirini na miwili. Amemwendesha kwenye theluji isiyoonesha hata boneti, amemfikisha hospitali kwa njia za mashambani usiku Karla alipokuwa anazaliwa. Verlyn Tollefsrud hajawahi kupotea. Sasa alikuwa anatazama mbele, mikono miwili kwenye usukani, anashuka daraja, anageuka kushoto bila kuangalia kibao, anaingia mtaa wa nyumba za mbao zilizobanana, anapunguza mwendo, anasimama mbele ya moja yenye lori dogo la kuhamia na maboksi barazani.

"Sijui hapa ni wapi," alisema, na akazima gari.

Ardis alishuka. Alipanda barazani akipita kati ya maboksi. Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga, maana mtu alikuwa anatoka na taa ya mezani mkononi, na mtu huyo alikuwa Karla, amekonda, ana penseli kwenye nywele na mkanda wa gundi kifundoni kama bangili.

"Mama."

"Tulikuwa tunapita tu."

Karla aliiweka taa chini. "Barabara hii inaishia ziwani, mama. Mlikuwa mnapita kwenda wapi?"

"Baba yako amepotea."

"Baba? Baba apotee?" Alitazama gari, akamwona mzee amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Kicheko kilitaka kumtoka, kikakwama. "Mtaingia?"

"Aa, hapana, una kazi, naona mmeshapakia—"

Kinywa kikajisema chenyewe tena. Ardis aliziba kinywa kwa mkono, lakini maji yalikwisha kumwagika. Karla aliitoa penseli kwenye nywele. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali.

"Unajua, mama, mimi pia nimezaliwa Skogdal," alisema. "Usinifanye mgeni. Novemba uliposema hutaki kumsumbua mtu, nilijua unangoja. Nilijua kabisa. Nilikuwa kitandani, nimeshonwa tumbo, mtoto hataki kunyonya, nalia yeye anapolia. Nikasema moyoni, safari hii simwombi mama yangu mara tatu. Sina nguvu. Safari hii aseme ndiyo mara moja, kwa sababu namhitaji. Nikangoja na mimi. Mama yake Nenad alikuja na sufuria la supu, hakuuliza wala hakuulizwa, akanitoa shuka mwilini akaanza kufua. Wewe ukanitumia kofia."

"Nilidhani hunitaki," alisema Ardis.

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo."

Ndani ya nyumba mtoto aliamka, akaanza kulia, kile kilio cha kuita ambacho bado hakijawa cha hasira. Wote wawili waligeuza vichwa.

"Nataka kuingia," alisema Ardis. Maneno yalimtoka yamepinda, kama vyombo vinavyotolewa kwenye boksi la mwaka juzi. "Nina njaa. Nataka kumshika. Nataka kulala hapa leo na kesho, sitaki hoteli, siipendi ile hoteli. Nataka hivyo, Karla. Nakuomba."

Karla alifuta uso kwa mkono wenye gundi.

"Pa kulala hakuna tena, mama. Tuliwanunulia kitanda. Novemba ile ile, kabla sijapiga simu, na godoro gumu kwa ajili ya mgongo wa baba. Kimekaa chumba kile majira yote ya baridi, kimetandikwa. Watu walikuja kukichukua jana jioni."

Jana jioni. Wao walikuwa mtaa wa tatu kutoka hapo, wanangoja meza.

Kuna neno ambalo watu wa Skogdal wanalo kwa kila msiba, kuanzia maziwa yaliyochacha mpaka shamba lililouzwa, nalo ni "haidhuru." Ardis alilisikia likipanda kooni. Alilimeza.

"Imeniuma," alisema. "Imeniuma sana."

Karla hakumkaribisha mara ya pili. Alisogea tu kando, akauacha mlango wazi, na mama yake akapita.

Milena alikuwa kwenye kitanda chake cha wavu katikati ya maboksi, mwekundu kwa kilio, na ile kofia ya kufuma imewekwa pembeni yake. Karla alimwinua akampa bibi yake. Mtoto alikitazama kile kichwa cheupe asichokijua, akakunja uso, kisha akapiga ukelele, akajirusha nyuma, akamnyooshea mama yake mikono. Mtoto wa watu akikulilia hivyo, mwanamke mwenye adabu zake humrudisha mara moja na kusema anamtaka mama yake, nisimsumbue. Ardis hakumrudisha. Alimkaza kifuani akaanza kutembea naye, dirishani, mlangoni, dirishani, akimpiga piga mgongo, huku masikio yakimvuma.

Verlyn akachungulia mlangoni, kofia mkononi. "Nimekuja kuuliza njia tu," alisema.

"Kaa, baba," alisema Karla.

Akakaa, juu ya boksi la vitabu. Hakungoja aambiwe tena. Karla naye alikaa chini, mgongo ukutani, akiwaangalia wote wawili, na lori la kuhamia lilikuwa nje mlango wake uko wazi. Mtoto alilia kwa muda mrefu sana, na bibi yake akaendelea kumbeba.